Mahpari, Mke wa Mchinjaji

Mahpari hakuwahi kuiona Samarkandi, lakini aliizungumzia kama mtu aliyetoka huko juzi. Alizaliwa Simali, mji wa wafumaji, mbali mashariki. Wamongolia walikuwa wamemswaga baba yake mpaka huko pamoja na mafundi wengine na wake zao na watoto wao, wakatembea mwaka mzima hadi nyayo zikawa ngumu kama kwato. Walipofika walipewa hariri na nyuzi za dhahabu, wakaambiwa, fumeni. Wakafuma. Wakapanda na mizabibu, maana mtu wa Samarkandi asiye na mzabibu uani hajioni mtu.

"Mji wetu wametunyang'anya," baba yake alikuwa akisema, "ila Mungu wetu wametuachia."

Na kweli walikuwa wamewaachia. Mtaani kwao palikuwa na msikiti, ukivuka kisima unakuta kanisa, na nyuma ya soko la nyasi kulikuwa na hekalu la masanamu. Khan, mfalme wa Wamongolia, hakujali nani anasujudu wapi. Alitaka tu imamu, padri na mtawa wamwombee maisha marefu, naye akawasamehe kodi. Kila Ijumaa Imamu Rukni alimwombea Khan kwa sauti ya kusikika barabarani, na hakuna aliyeona vibaya. Lilikuwa jambo dogo kwa watu walioachiwa mengine yote.

Mama yao alifariki Mahpari akiwa na miaka kumi na mmoja. Alimwachia mdogo wake, Nizamu, ambaye hata kutembea vizuri alikuwa hajaweza. Mahpari alimbeba mgongoni, akamtafunia mkate, akamfundisha kusema alhamdulillahi akipiga chafya. Baba naye alipofuata, na mchinjaji wa mtaa alipoleta posa, Mahpari alimtumia jibu kwamba anakubali, lakini haji peke yake.

"Aje na huyo mdogo wake," alijibu Yadigari, mchinjaji. "Nyumba ya mchinjaji haikosi mfupa wa kumtuliza mtu."

Ndivyo Nizamu alivyokulia kwa shemeji yake. Yadigari alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ndogo, aliyependa kucheka kabla hajamaliza kusema kichekesho chake. Ndiye aliyemlipia Nizamu fundi wa kumfundisha kufuma, na ndiye aliyemwoza mke, Parwana, binti wa mtu wa mtaa wa pili. Yeye na Mahpari walijaliwa mtoto mmoja tu, Anbara.

Kondoo zake Yadigari alinunua kwa Mmongolia mmoja, Togani, aliyekuwa akichunga nje ya mji. Wawili hao walitaniana miaka kumi na mitatu bila kuchoka.

"Nyinyi mnamwaga damu yote chini," Togani alikuwa akisema, akiwa amekaa kizingitini na mkate wa Mahpari mkononi. "Sasa mnakula nini? Sufu?"

"Na nyinyi mnampasua kifua mkamminya moyo. Mnamla na roho yake bado imo ndani! Si ndiyo maana ukilala unakoroma kama beberu?"

"Nani kakwambia nakoroma?"

"Mkeo. Kaja kulalamika kwa mke wangu."

Kisha mwaka mmoja, majira ya baridi, amri ikaja. Watu walisema wafanyabiashara wa Kiislamu walimpelekea Khan zawadi ya ndege wa kuwindia, naye akawakirimu chakula cha mezani kwake, wakakataa kukigusa kwa kuwa nyama haikuchinjwa. Khan akaghadhibika. Iwe hivyo ndivyo ilivyokuwa au sivyo, mpiga mbiu alisimama sokoni akaisoma amri kwa lugha tatu. Kuanzia leo mnyama auawe kwa desturi ya Wamongolia. Atakayemkata mnyama koo, naye akatwe koo vivyo hivyo. Mke wake, watoto wake, nyumba yake na mali zake apewe aliyemshitaki.

Sokoni watu wakaanza kutazamana, na Mahpari alisema baadaye kwamba hicho ndicho kilichomtisha kuliko amri yenyewe.

Imamu Rukni aliwakusanya akawaambia mwenye kulazimishwa hana dhambi. Anayeweza kuacha nyama aiache, asiyeweza ale anachouziwa. Na msikiti, alhamdulillahi, haukufungwa. Yadigari alivifunga visu vyake katika kitambaa akaviweka juu ya kabati, akaanza kuuza kuni. Mahpari aliacha kula nyama siku ile ile.

Miezi kumi baadaye Parwana alijifungua binti. Kabla ya huyo walikuwa wamezika watoto wawili, wote hawakufika arubaini. Siku ya tano Nizamu alikuja kwa dada yake macho yamemwiva.

"Shemeji," alimwambia Yadigari, "wale wawili sikuwachinjia kondoo wa akika siku ya saba. Niliona nitafanya baadaye, wakafa. Huyu nifanyie. Nakuomba."

Yadigari alitazama mikono yake. "Unajua unachoniomba?"

"Nani atajua? Ni sisi kwa sisi."

Yadigari akamgeukia mkewe. Mahpari angeweza kusema hapana. Alimtazama mdogo wake, akamwona yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, akasema, "Mfanyie. Ni damu yangu."

Ilikuwa majira ya kufukia mizabibu, ambapo kila nyumba huilaza chini na kuifunika udongo ili baridi isiiue. Mitaro ilichimbwa uani mwa kila mtu, na hakuna ambaye angeshangaa kuona udongo mbichi. Togani alileta kondoo mmoja amemfunga mbele ya tandiko. "Mimi nimeuza kondoo," alisema. "Mengine siyajui," akaondoka hata mkate hakungoja. Mchana, wakati mitambo ya kufumia ilipokuwa ikigonga mji mzima, Yadigari alitaja jina la Mungu kwa mnong'ono akachinja, damu ikaingia katika mtaro wa mzabibu wa tatu. Nizamu ndiye aliyeshika jembe akafukia. Nyama ilipikwa nyumbani kwa Parwana. Bakuli moja lenye mguu wa kondoo lilipelekwa kwa Imamu Rukni, likarudi tupu, limeoshwa.

Siku ya nne baada ya hapo wakaja askari wanne na karani. Hawakuuliza neno. Walipita sebuleni, wakapita kisima, wakaenda moja kwa moja kwenye mzabibu wa tatu wakafukua.

"Mke wangu hajui kitu," ndilo neno pekee alilosema Yadigari. Alilirudia mara mbili, kwa ile sauti yake ndogo, akivaa viatu.

Walimuua kesho yake adhuhuri, sokoni, kama amri ilivyosema. Mahpari alizuiwa asitoke. Alikaa na Anbara chini ya ukuta, binti ana miaka kumi na miwili, wameshikana mikono, wakasikia mitambo ya kufumia ikinyamaza mmoja mmoja mpaka mji wote ukatulia. Baada ya muda ikaanza kugonga tena.

Karani alirudi na karatasi akasoma: mke, binti, nyumba, kisima, mizabibu sita, vyombo. Mahpari alikuwa akitazama mlangoni amwone huyo mtu anayekuja kumchukua. Aliyeingia alikuwa Nizamu. Alipiga magoti palepale, akamshika dada yake miguu.

"Dada, ni mimi. Ngoja nikwambie kabla hujanilaani. Togani alikuwa anakwenda kusema. Nilimsikia mwenyewe, amelewa, anajisifu kwamba atapata nyumba na mwanamke wa Kisamarkandi wa kumwokea mkate. Yadigari alikuwa amekwisha kufa, dada. Tangu saa ile alikuwa maiti. Mimi ningeokoa nini? Niliokoa nyinyi. Nikawahi. Au ungependa Anbara akalale kwenye hema la yule?"

Alikuwa akilia kwelikweli. Mahpari alimtazama kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa hajamaliza siku moja kaburini, na duniani alikuwa amebakiwa na watu wawili, binti aliyemshika mkono na huyu aliyemshika miguu. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake. Akamwamini.

Akawa, kwa karatasi, mali ya mtoto aliyemlea. Nizamu hakumtesa hata siku moja. Alihamia nyumba ile na Parwana na kile kichanga, akamwachia Mahpari chumba chake na tanuri lake, akamwita Dada mbele ya watu, akamnunulia koti la pamba kila baridi. Anbara alipofikisha miaka kumi na sita alimwoza kwa karani wa ghala la hariri, akamfanyia sherehe nzuri, akalia kuliko mama mzazi. Watu walisema, huyu ndugu jamani. Mwaka uleule akapandishwa cheo kazini.

Chuki yote ya Mahpari ilimwendea Togani. Siku moja, miezi michache baada ya mauaji, yule Mmongolia alisimama langoni ameshika kofia mkononi, amejipinda upande. Kabla hajafungua mdomo Mahpari alimmwagia ndoo ya maji ya majivu.

"Nenda kamlee mbwa mwenzio!" alipiga kelele. "Ukirudi hapa nitakumwagia ya moto!"

Togani alipangusa uso, akaondoka. Miaka sita Mahpari hakumsalimia. Wakikutana sokoni alitema mate.

Mwaka wa saba amri ikaondolewa. Si kwamba kuna aliyejuta. Wafanyabiashara wa Kiislamu walikuwa wameacha kuja, ushuru umekauka, lulu na manukato hayafiki tena, na wakubwa huko makao makuu wakanung'unika mpaka Khan akasikia. Mpiga mbiu alisimama palepale sokoni, akasema kila mtu achinje apendavyo. Kuhusu waliochinjwa, na nyumba zao, hakukuwa na neno. Ijumaa ile Imamu Rukni alimshukuru Mungu kwa huruma ya Khan, akamwombea maisha marefu.

Nizamu akataka kufanya karamu. Alialika nusu ya mtaa. "Nyama ya halali, dada, katika nyumba hii hii! Yadigari angefurahi." Akaagiza kondoo watatu.

Aliyewaleta alikuwa Togani. Alikuwa amezeeka, na alitembea akiburuta mguu wa kushoto. Mahpari ndiye aliyefungua lango.

"Una moyo wewe," alimwambia. "Ulimuuza mtu humu. Leo unarudi kuuza kondoo."

Togani alimtazama. "Nilimuuza nani?"

"Usinichezee, mzee."

"Mama Anbara, nakuuliza. Nilimuuza nani?"

"Mume wangu! Aliyekula na wewe miaka kumi na mitatu!"

Togani alizifunga zile kamba za kondoo kwenye nguzo, polepole, fundo moja baada ya jingine. Kisha akageuka, akapandisha koti lake na shati mpaka mabegani. Mgongo wake kuanzia kiunoni ulikuwa na makovu yaliyopandana.

"Fimbo ishirini na saba," alisema, akilishusha shati. "Waliniita siku moja kabla hawajaja kwenu. Nimeingia, nikamkuta Nizamu amekaa na karani wanakula zabibu kavu. Nikaulizwa, yule kondoo ulimuuza mzima? Nikasema hapana, nilimuua mwenyewe kwa desturi yetu, nikawauzia nyama. Niliapa kwa mbingu. Karani alikuwa ameshaanza kuniamini, maana mimi ni Mmongolia, niseme uongo kwa faida gani? Nizamu akasema, 'Huyu mwongo. Damu iko kwenye mtaro wa mzabibu wa tatu, nimeifukia kwa mikono yangu.' Basi nikalazwa chini."

Mahpari alikuwa ameshika ubao wa lango. "Alisema alikusikia umelewa, unajisifu."

"Majira yale? Nilikuwa nimepeleka mifugo mbali. Nilikuja mjini siku ile moja tu, kwa sababu Yadigari aliniomba kondoo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia. Ukaninawisha majivu." Alitaka kucheka, akashindwa. "Nikaenda nikawaza, huyu mama sasa ni mali ya yule. Nikimwambia, atakula vipi mkate wa nyumba ile?"

"Mkate wenyewe nilikuwa nauoka mimi," alisema Mahpari.

Alimwomba radhi, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi. Togani alisema basi, yamepita. Mahpari akaingia ndani.

Uani wageni walikuwa wameanza kukaa. Nizamu alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe la kunolea, amevishusha visu vya Yadigari kutoka juu ya kabati, anakinoa kile kikubwa huku akiimba kwa pua.

"Togani hakuwepo mjini," Mahpari alisema.

Nizamu aliacha kuimba. Hakuuliza lini, hakuuliza mji gani. Akaendelea kutazama jiwe.

"Dada, wageni."

"Ulikula zabibu na karani."

"Dada, twende ndani."

"Tuseme hapa hapa. Ulifukia wewe, ukashitaki wewe, ukanishika miguu wewe. Kwa nini?"

Nizamu aliinuka na kile kisu mkononi, akakiona, akakiweka chini haraka.

"Msimamizi wa kiwanda aliniuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Alisikia harufu ya karamu, akaniuliza tunasherehekea nini. Akika ya nani, dada? Yangu! Jina langu ndilo lingekuwa la kwanza. Nilikuwa na mtoto wa siku saba. Nikisema mimi kwanza, napona. Nikisubiri, nakufa mimi na Yadigari wote. Sasa kuna faida gani tufe wote?"

"Ungekuja kwangu. Tungeondoka usiku uleule."

"Twende wapi? Dunia yote ni ya Khan!"

"Na Togani?"

"Nilitaka... ulihitaji mtu wa kumchukia."

"Miaka sita, Nizamu. Miaka sita nakupa kipande cha juu cha mkate."

"Nimekukosea nini miaka sita hiyo? Sema! Nimekupiga? Nimekunyima? Mwingine angekuuza!"

Hapo ndipo Imamu Rukni aliyekuwa amekaa mahali pa heshima alipoinuka, akanyoosha viganja. "Mama Anbara, dada yangu. Leo ni siku ya furaha. Mambo ya zamani tusiyafukue. Ndugu ni ndugu."

Mahpari alimgeukia. Alikuwa anakusudia kumwambia kitu kingine, lakini aliona jinsi alivyoyakwepa macho yake, akauliza tu, "Na wewe ulijua?"

Imamu aliteremsha mikono.

"Ile karatasi ya kunigawa," alisema Mahpari. "Sijui kusoma. Ilikuwa na muhuri mwekundu wao, na mdogo mweusi pembeni. Ule mweusi wa nani?"

"Walitaka shahidi wa Kiislamu," alisema imamu. "Msikiti wa kule ng'ambo ya mto walikuwa wameufunga. Wetu ulibaki wazi. Nilifikiria watu mia tano wanaosali, na mtu mmoja ambaye kufa ameshakufa."

"Mguu wa kondoo ulikuwa mtamu?"

Imamu akakaa tena.

Mahpari alisema hataki kitu kingine ila karatasi. Akasimama pale juani mpaka Imamu Rukni akaletewa wino, akaandika kwamba Nizamu amemwachia huru dada yake, na Nizamu akatia kidole. Hakuomba nyumba, sheria haikumpa nyumba. Alichukua godoro lake, koti moja, na vile visu. Parwana alimkimbilia mlangoni na mkate ndani ya kitambaa, Mahpari akaupokea, maana Parwana hakuwa amemkosea. Kondoo wale watatu walichinjwa na mtu mwingine kwa kisu cha kuazima, na wageni, baada ya kusitasita, wakala.

Alikwenda kwanza kwa Anbara. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane. Akalia sana. Kisha akasema, "Mama, nifanyeje? Mjomba ndiye aliyeniozesha. Mume wangu anafanya kazi chini yake." Mahpari alikunywa maji aliyopewa, akambusu, akaenda zake. Anbara aliendelea kumtembelea mjomba wake kila sikukuu. Kwa mama yake alikuwa akija kupitia nyuma.

Alipata chumba nyuma ya kanisa, kwa mjane wa Kikristo aliyetia rangi sufu. Aliosha na kutia rangi sufu za Togani na za wachungaji wengine, mikono ikawa ya buluu mpaka kwenye viwiko, rangi haikutoka tena. Hakukanyaga tena msikiti wa Imamu Rukni. Alisali chumbani kwake, peke yake. Yule mjane alimwambia ajihadhari, atazoea upweke, naye akajibu kwamba upweke haujampelekea askari. Togani alipopita na mzigo alikaa kizingitini akala mkate, wakazungumza habari za mvua, na za Yadigari na vichekesho vyake vilivyokosa mwisho. Kila Idi Nizamu alimpelekea nyama iliyofungwa vizuri kwenye majani. Kila Idi aliirudisha bila kuifungua. Hilo halikumchosha yeye wala halikumchosha Nizamu, likaenda hivyo miaka kumi na mmoja.

Mahpari alikufa kwa kifua, mwezi wa baridi kali. Imamu Rukni alikuwa ametangulia, na yule mpya alitoka mji mwingine, hakujua lolote. Nizamu ndiye aliyenunua sanda, nzuri kuliko desturi, na ndiye aliyeingia kaburini kumpokea dada yake akamlaza kwa ubavu wa kulia. Alilia mpaka wakamtoa kwa kumshika kwapa. Togani alisimama nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi, kwa kuwa hakujua mahali pake ni wapi, na hapana aliyemwambia aingie.

Kisha watu wakaenda kutoa pole nyumbani kwa Nizamu, ile nyumba yenye mizabibu sita. Alikaa mlangoni akipokea mikono, mmoja mmoja. Imamu mpya alimwambia kwamba ameona ndugu wengi wakizikana, lakini mapenzi kama haya, Wallahi, hajapata kuyaona.

"Alinilea," alisema Nizamu. "Alinibeba mgongoni."